Jaji wa Mahkama Kuu Huthibitishwa na Nani?

Kila jaji mpya anapoapishwa Ikulu ya Zanzibar, picha huwa ni ile ile: joho, Msahafu au Biblia mkononi, Rais amesimama pembeni. Siku ya pili habari imeshafika Jaws Corner, pale ambapo kahawa na siasa hunywewa pamoja, na mabishano huanza. Mmoja anasema jaji ameshathibitishwa kwa kuwa ameapa. Wa pili anauliza Baraza la Wawakilishi limekaa lini kumpitisha. Wa tatu, aliyefuatilia mambo ya Marekani kwenye simu yake, hakubali kabisa: bila ya kura za wabunge, hapana jaji. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyesimama karibu akiwa na sare yake anaondoka na majibu matatu, na akifungua kitabu chake cha Uraia hapati la kumsaidia kuchagua moja.

Suala la nani anampa jaji kiti chake linaonekana dogo mpaka mtu afikirie kwamba jaji huyo huyo ndiye atakayeamua kesi ya ardhi, kesi ya mauaji, au kesi ya mtu anayeishitaki Serikali. Skuli zetu hulipitia jambo hili kwa sentensi moja: majaji huteuliwa na Rais. Sentensi hiyo haina kosa, ila haifundishi kitu. Hapa tutazame chanzo cha mkanganyiko, katiba zinasema nini, wengine wamejaribu njia gani, na mwalimu wa Unguja afanye nini.

Neno moja, kazi nyingi

Sehemu kubwa ya tatizo iko kwenye neno "kuthibitisha" lenyewe. Katika utumishi wa umma, mtu huthibitishwa kazini baada ya kumaliza kipindi chake cha majaribio. Hiyo ni maana ya kwanza, na kila mtoto wa mtumishi ameisikia nyumbani.

Maana ya pili ni ya kaimu anayepewa cheo kamili. Mwaka 2017, baada ya Mohamed Chande Othman kustaafu ujaji mkuu wa Tanzania, Profesa Ibrahim Juma alikaimu nafasi hiyo kuanzia Januari hadi alipoteuliwa kuwa Jaji Mkuu mwezi Septemba. Wako wanasheria waliohoji iweje mhimili mzima ukae miezi minane chini ya kaimu. Zanzibar nayo ilipita njia hiyo. Jaji Mkuu Omar Othman Makungu alipokwenda Mahakama ya Rufani mwaka 2021, Khamis Ramadhan Abdalla alianza kwa kukaimu kabla ya kuwa Jaji Mkuu. Mitaani ilisemwa kwamba Rais "amemthibitisha", na kwa Kiswahili cha kawaida hapana aliyekosea. Lakini anayethibitisha hapo ni yule yule aliyemkaimisha, kwa hiyo hapana mkono wa pili uliopima.

Maana ya tatu ndiyo inayobishaniwa barazani: chombo cha wawakilishi kukubali au kukataa jina lililoletwa na Rais. Watanzania wanaijua kupitia Waziri Mkuu. Ibara ya 51 ya Katiba ya Muungano inamtaka Rais apeleke jina Bungeni, na Kassim Majaliwa alipopita Dodoma mwaka 2015 nchi nzima ilitazama kura zikihesabiwa. Ni rahisi basi kwa kijana kudhani kwamba kama Waziri Mkuu anapigiwa kura, jaji ambaye kazi yake ni nyeti zaidi lazima naye apigiwe. Hapigiwi, si Bungeni Dodoma wala kwenye Baraza la Wawakilishi kule Chukwani.

Na kuna kikwazo cha lugha, ambacho watunga mitaala huwa hawapendi kukisikia. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inasomeka kwa Kiswahili, lakini mwanafunzi wa sekondari hufundishwa mihimili ya dola kwa Kiingereza. Kuteua, kupendekeza, kushauriana, kuidhinisha, kuthibitisha na kuapisha ni vitendo sita tofauti, na kila kimoja kina mwenyewe. Akivihamisha kwenye lugha asiyoizungumza nyumbani, vyote humgandia kuwa kimoja: Rais kampa kazi.

Katiba mbili, tume mbili

Tanzania ina Mahakama Kuu mbili. Ya Bara imewekwa na Katiba ya Muungano ya 1977. Ya Zanzibar, ambayo wenyewe huiandika Mahkama Kuu, imewekwa na Katiba ya Zanzibar, na Katiba ya Muungano inaitambua bila ya kuigusa. Kosa la kwanza la vitabu vingi ni kuzichanganya.

Bara, Rais wa Jamhuri humteua Jaji Kiongozi na majaji wengine wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Tume hiyo ina wajumbe sita: Jaji Mkuu ambaye ni mwenyekiti, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji mmoja wa Rufani anayeteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu, Jaji Kiongozi, na wajumbe wawili wanaoteuliwa na Rais. Hesabu hiyo ingefaa kuandikwa ubaoni, kwa sababu mwanafunzi akiipitia mstari kwa mstari atagundua kwamba kila mmoja wa hao sita, kwa namna moja au nyingine, amekaa hapo kwa kalamu ya Rais. Hiyo peke yake haithibitishi kwamba wanamtii. Inaonyesha tu kwamba anayeshauriwa amechaguliwa na anayeomba ushauri.

Zanzibar, Rais wa Zanzibar humteua Jaji Mkuu kutoka miongoni mwa majaji wa Mahkama Kuu kwa kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahkama, na majaji wengine huwateua kwa mapendekezo ya Tume hiyo. Kati ya "kushauriana" na "mapendekezo" kuna nafasi. Anayeshauriana husikiliza kisha akaamua mwenyewe. Anayefuata mapendekezo anategemewa achague ndani ya alicholetewa. Kwa maandishi tu, basi, Rais wa Zanzibar amefungwa zaidi anapomteua jaji wa kawaida kuliko anapomteua mkuu wao. Ni jambo la kushangaza kidogo, na sijapata kuona mtihani wa sekondari ulioliuliza.

Baraza la Wawakilishi halina sauti kwenye jina la jaji yeyote. Lina sauti kwenye bajeti ya Mahkama na kwenye sheria zinazoiendesha.

Kwa nini Unguja jambo hili ni zito zaidi

Mtu anaweza kusema: jaji akikosea, si ipo Mahakama ya Rufani? Ipo, tangu 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na kuondoka na mahakama yake ya rufani. Lakini Katiba ya Zanzibar, katika ibara ya 99, imeizuia Mahakama ya Rufani isisikilize mambo kadhaa kutoka Visiwani. Moja ni tafsiri ya Katiba ya Zanzibar yenyewe. Jingine ni mambo ya Kiislamu yaliyoanzia mahkama za kadhi. Maana yake ni kwamba panapozuka mgogoro juu ya katiba hiyo, au juu ya mirathi na talaka iliyopanda kutoka kwa kadhi, jaji wa Mahkama Kuu ya Zanzibar hana mtu juu yake wa kumrekebisha. Jaji wa Mahakama Kuu ya Mwanza hana uzito wa namna hiyo. Kwa hiyo Zanzibar ina sababu zaidi ya Bara ya kumpima jaji wake kabla hajakaa kitini, kwani baada ya hapo kwa baadhi ya kesi muda umeshapita.

Sababu ya pili ni historia. Kwa amri ya mwaka 1969, Serikali ya Mapinduzi iliunda Mahkama za Wananchi, zilizoanza kazi 1970. Walioketi kuhukumu hawakutakiwa wawe wamesoma sheria, na mawakili hawakuruhusiwa kusimama. Kesi ya uhaini iliyofuatia kuuawa kwa Mzee Abeid Amani Karume, Aprili 1972, ilisikilizwa na mahkama ya namna hiyo kati ya 1973 na 1974. Walioshitakiwa walikuwa 81, wengine, akiwemo mwanasiasa Abdulrahman Babu, bila ya kuwepo Zanzibar. Mwanasheria Mkuu aliendesha mashitaka, na yeye huyo huyo akachukua nafasi ya utetezi. Mfumo huo ulifutwa katikati ya miaka ya 1980, ilipokuja Katiba ya 1984 na sheria mpya za mahkama.

Kila kifungu cha leo kuhusu sifa za jaji, tume, na kinga ya kutofukuzwa ovyo kina kivuli cha miaka ile nyuma yake. Wazee walioiona bado wapo Ng'ambo na Mji Mkongwe. Skuli ikimfundisha kijana kifungu bila ya historia hiyo, anabaki na sheria asiyojua ilikuja kuzuia nini.

Mlango wa Baraza: hoja za pande mbili

Wanaotaka majaji wapitie Baraza la Wawakilishi wana hoja tatu nzuri. Uwazi: jina likifika Chukwani litajadiliwa mchana kweupe, na wananchi watamjua jaji kabla hajawahukumu. Uhalali: mwakilishi amechaguliwa, na jaji aliyepitishwa naye hawezi kuitwa mtu wa Rais. Na kizuizi: Rais anayejua kwamba jina litaulizwa maswali huchagua kwa uangalifu.

Uganda ndiyo jirani aliyekwenda mbali zaidi. Katiba yake ya 1995 inamtaka Rais ateue majaji, wakiwemo wa Mahakama Kuu, kwa ushauri wa tume yake ya utumishi wa mahakama na kwa idhini ya Bunge. Bado, Jaji Mkuu Benjamin Odoki alipofikia umri wa kustaafu mwaka 2013, Rais Museveni alitaka aendelee. Bunge halikulimaliza suala hilo. Mbunge mmoja alikwenda Mahakama ya Katiba, ambayo 2014 ilisema mtu aliyestaafu kwa umri hawezi kurudishwa, na 2015 Bart Katureebe akashika nafasi. Aliyemzuia Rais hapo ni jaji, kwa maandishi ya katiba kuhusu umri. Wanaolisifu Bunge la Uganda wangepaswa kukumbuka tukio hilo.

Marekani, ambako mbishi wetu wa kahawa huchota mfano, Baraza la Seneti hupiga kura kwa majaji wa shirikisho. Mwaka 1987 Robert Bork, aliyependekezwa kwa Mahakama ya Juu, alikataliwa kwa kura 58 dhidi ya 42, na mwaka 2018 Brett Kavanaugh alipita kwa 50 dhidi ya 48. Uwazi umepatikana bila ya shaka. Gharama yake ni kwamba leo Mmarekani wa kawaida huhesabu majaji wake kwa chama cha rais aliyewateua, kama anavyohesabu maseneta.

Kenya imechukua njia ya katikati, na kwa maoni yangu ndiyo mfano wenye mafunzo mengi zaidi kwa darasa la Unguja. Chini ya Katiba ya 2010, Bunge la Taifa huidhinisha Jaji Mkuu na naibu wake tu. Majaji wengine, wakiwemo wa Mahakama Kuu, hawaendi Bungeni. Wanaomba kazi, tume ya utumishi wa mahakama inawahoji hadharani, televisheni zikionyesha, kisha inapeleka majina kwa Rais ayateue. Mwaka 2019 tume ilipeleka majina 41. Rais Uhuru Kenyatta akakaa nayo, akidai baadhi ya watu hao wana kasoro za uadilifu. Februari 2020 Mahakama Kuu ikasema Rais hana hiari ya kuchuja. Bado alingoja hadi Juni 2021, akateua 34 na kuwaacha sita. Mmoja alikuwa ameshafariki. Miongoni mwa walioachwa walikuwemo George Odunga na Joel Ngugi, ambao wiki tatu kabla ya hapo walikuwa katika jopo la majaji watano lililoangusha mpango wa kubadili katiba uliokuwa ukipigiwa debe na Ikulu. Rais William Ruto aliwateua wote sita Septemba 2022, mara tu alipoingia madarakani.

Mwenye kutaka kuona uteuzi wa majaji unavyofanya kazi ndani yake hatapata kisa kizuri kuliko hicho. Wakenya walijua majina ni 41. Walijua ni nani walioachwa. Kwa kujua huko, Rais alilazimika kutoa sababu, na sababu zake zikapelekwa mahakamani.

Wanaopinga mlango wa Baraza nao wana hoja, na kwa Zanzibar hoja yao ina nguvu kubwa. Baada ya chama cha upinzani cha CUF kususia uchaguzi wa marudio wa 2016, Baraza lilibaki karibu lote mikononi mwa CCM, na baada ya 2020 wapinzani walikuwa wachache wa kuhesabika. Baraza la namna hiyo litathibitisha kila jina litakaloletwa. Litakuwa limempa Rais muhuri wa pili bila ya kumwongezea kizuizi hata kimoja, na atakayelalamika kuhusu jaji ataambiwa: mbona wawakilishi wako wamempitisha? Na siku nguvu za vyama zikikaribiana, kama zilivyokuwa kabla ya Maridhiano ya CCM na CUF ya 2010, kila jina litageuka vita vya Unguja na Pemba. Katika visiwa ambavyo kila mtu anajua mwenzake ametoka kijiji gani na babu yake alikuwa chama gani, jaji aliyejadiliwa hivyo hatavua tena alama aliyopachikwa.

Darasani

Mwalimu ana njia tatu mbele yake.

Ya kwanza ni kufundisha sheria ilivyo na kuishia hapo. Ni salama, inalingana na mtihani, na haimtii mwalimu matatani. Udhaifu wake tumeshauona Jaws Corner.

Ya pili ni kuliacha suala mpaka chuo kikuu. Wanaoitetea husema kijana wa miaka 16 ataligeuza ushabiki wa vyama, na kwa Zanzibar woga huo hautoki hewani. Wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Zanzibar wako Tunguu, ambako Mahkama Kuu nayo imehamia kutoka jengo lake la zamani la kuba pale Vuga. Hao wanaweza kutembea kwa miguu wakasikilize kesi. Lakini watakaofika Tunguu ni wachache mno kulinganisha na wanaomaliza kidato cha nne wakaenda Darajani kuuza, baharini au hotelini. Hao wote watakuwa mbele ya jaji siku moja, kwa ardhi au kwa mirathi, na hakuna atakayewafundisha baada ya skuli.

Ya tatu ni kulinganisha nchi na nchi, ikiwezekana kwa igizo: darasa linagawanywa, watano wanakuwa Tume, mmoja Rais, watatu waombaji wenye wasifu wa kubuni. Njia hii huamsha darasa. Hatari yake ni kuwa sinema, watoto wakakumbuka kicheko cha aliyevaa joho la shuka na kusahau kanuni. Hatari nyingine ni ya kulinganisha bila ya kipimo, hadi mwanafunzi aamini kwamba nchi isiyopiga kura bungeni haina mahkama huru. Uingereza haiwapigii kura majaji wake bungeni. Tangu 2006 huwapata kupitia tume huru inayotangaza nafasi na kupokea maombi.

Mizani

Nikipima yote, njia ya tatu inashinda kwa sharti moja: swali la somo libadilishwe. Kuuliza "nani anamthibitisha jaji?" kunampeleka mwanafunzi atafute jina la chombo. Swali lenye faida ni hili: katika safari ya jaji, tangu jina lake linapotajwa mara ya kwanza hadi siku anapostaafu, ni wapi mtu anaweza kusema "hapana", na akisema, analazimika kutoa sababu?

Kwa swali hilo, kuondolewa kazini kunaingia kwenye somo pamoja na kuteuliwa, na pengine kunakuzidi. Bara, Rais hawezi kumwondoa jaji mpaka aunde tume ya uchunguzi ambayo mwenyekiti wake na angalau nusu ya wajumbe ni majaji kutoka nchi za Jumuiya ya Madola. Jaji asiyeweza kuguswa kwa sababu ya hukumu aliyoitoa anaweza kumsahau aliyemteua. Anayefanya kazi kwa mkataba hawezi kumsahau, maana mkataba una tarehe ya mwisho. Zanzibar iliwahi kutumia majaji wa mkataba kutoka nje. Kesi ya uhaini ya wanachama 18 wa CUF, waliokamatwa kuanzia 1997, iliendeshwa mbele ya jaji raia wa Nigeria. Washitakiwa walitoka mwaka 2000, baada ya Mahakama ya Rufani kusema uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar kwa kuwa si dola kamili.

Mwalimu wa skuli ya Lumumba au ya Ben Bella hahitaji kitabu kipya kwa hili. Achore mstari ubaoni kwa chaki: Tume, Rais, kiapo, miaka ya kazi, kuondolewa, kustaafu. Chini yake achore mstari wa Kenya na wa Uganda. Kila kituo wanafunzi waweke alama mbili, moja kama panaweza kusemwa hapana, nyingine kama sababu hutolewa hadharani. Mstari wa Kenya utajaa alama upande wa kushoto, pale Tume inapohoji, na ndipo darasa litakapoelewa kwa nini majina sita hayakuzikwa kimya kimya. Mstari wa Uganda utapata alama yake Bungeni. Kwenye mstari wa Zanzibar wataanza kutafuta alama ya Baraza la Wawakilishi, hawataipata, na watadhani wameshaona kasoro. Warudishwe nyuma hatua mbili, kwenye kituo cha kwanza kabisa, waulizwe: kabla Ikulu haijatangaza, nani nje ya chumba cha Tume alijua majina yalikuwa mangapi?